Daraja la Masonara

Ukiona picha ya Ponte Vecchio, daraja la mawe linalovuka mto Arno mjini Florence, Italia, macho hukimbilia maduka ya dhahabu yaliyopangana juu yake. Lilijengwa mwaka 1345, baada ya mafuriko ya 1333 kulisomba lile la kabla yake, na mpaka leo limesimama kwa matao yake matatu. Uzuri mtupu! Lakini hebu tujiulize: uzuri ukipatikana kwa kumfukuza mtu, bado ni uzuri?

Zamani pale palikuwa pa wauza nyama. Tena hawakujipeleka. Mwaka 1442 wakubwa wa mji ndio waliowaamuru wakae darajani, harufu iwe mbali na majumba, uchafu uangukie mtoni. Haya, wakakaa. Mwaka 1565 mtawala Cosimo wa Kwanza akamwagiza Giorgio Vasari ajenge njia ipitayo juu ya maduka, apate kwenda kwenye kasri yake ya Pitti bila kukanyaga barabara ya watu wote. Sasa harufu ikawa inapanda puani kwa wakubwa. Mwaka 1593 mwanawe, Ferdinando, akatoa amri: mabucha toka, masonara ingia.

Tusidanganyane, harufu ilikuwepo. Hata mimi nisingependa kupita pale na shati langu jeupe la Jumapili. Kinachonikera ni kitu kingine. Ukoo wa Mannelli ulikuwa na mnara mwishoni mwa daraja. Mnara ulikuwa njiani, ilitakiwa ubomolewe, wenyewe wakagoma. Unajua ikawaje? Njia ya mtawala ikapinda, ikauzunguka mnara! Kona ile ipo hadi leo. Kumbe amri nayo huweza kupinda. Hupinda mbele ya mwenye mnara. Kwa mwenye kisu na gogo la kukatia nyama, inapita moja kwa moja.

Jibu langu basi ni hili. Dhahabu haina kosa, wala simkatazi mtu kulitazama daraja. Ila wazee walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Muuza nyama yule hatuwezi tena kumrudishia duka. Haki iliyobaki ni kutajwa. Na hiyo ndiyo kazi yetu tunaoshika kalamu: kabla ya kuusifu mji kwa kung'aa, tuulize nani alikuwa akikaa hapo, na aliambiwa aende wapi. Tusipouliza, tumemfukuza mara ya pili.