Nehemia Aliukagua Mji Usiku



Katika kitabu cha Nehemia, sura ya pili, imo habari ambayo mara nyingi tunaipita haraka. Nehemia amefika Yerusalemu kutoka Shushani, amekaa siku tatu, na bado hajawaambia makuhani wala wakuu alilolijia. Kisha anaondoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu wa kupanda. Anazunguka akitazama kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea kwa moto, mpaka anafika mahali ambapo mnyama hapati nafasi ya kupita. Baada ya hapo ndipo anawaita watu na kusema nao juu ya kujenga.

Sisi tuliofundisha miaka mingi tulizoea kuwaeleza wanafunzi kwamba alitoka usiku ili adui zake wasijue. Ni kweli. Lakini siku hizi tunaona kuna jambo jingine ndani yake. Mji una sura mbili, na aliyeuona mchana tu hajauona. Tumejifunza hayo kwa aibu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Wengi wenu mnajua kwamba marehemu baba yetu alituachia nyumba katika mji wa Songea, karibu na katikati. Ni nyumba ya kawaida, ya tofali za kuchoma na bati, ina chumba cha mbele kinachotazama barabara. Sisi ni ndugu watatu wa tumbo moja. Wawili tupo huku Lundo, na mdogo wetu wa kike ameolewa Mbinga. Kwa miaka mingi chumba kile cha mbele alikikodi fundi cherehani, mtu mzee na mpole, aliyelipa kidogo na kwa kuchelewa. Alipofariki, alikuja kijana mmoja akataka kukifanya mahali pa vinywaji na muziki. Alitoa kodi mara tatu ya ile ya fundi, tena ya miezi sita mkononi. Hatukwenda kutazama. Tulikubali kwa simu, na fedha zikaja kwa simu, tukiwa tumekaa chini ya mwembe tukitazama ziwa. Kwa fedha zile mjukuu wetu analipiwa chuo cha uuguzi. Kwa fedha zile tumeezeka upya jiko. Na tuseme yote: sehemu yake imeingia katika bahasha yetu ya zaka, ikawekwa juu ya altare na kubarikiwa.

Basi siku moja alitupigia simu mama mmoja mjane, jirani wa nyumba ile, aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yetu na mwenzake katika Umoja wa Akina Mama. Hakugomba. Alituamkua vizuri, akauliza habari za ziwa na za usipa, kisha akauliza, “Wanangu, huko kwenu mnalala?” Tukajibu, tunalala, mama. Akasema, “Basi mshukuruni Mungu,” akakata simu.

Maneno hayo yalitutoa Lundo.

Wazee wenzetu wanakumbuka safari ya Songea ilivyokuwa zamani, kupanda milima ya Umatengo juu ya lori la mizigo, na masika kulala njiani gari likiwa limezama tope. Leo kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga kuna lami ya kilometa 66. Hatuwezi kuidharau, kwa maana tumewabeba wagonjwa katika njia ile ya zamani. Nayo Songea imebadilika. Ni mmoja wa miji ya kundi la kwanza katika mradi wa serikali uitwao TACTIC, unaoboresha miji 45 ya nchi yetu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Stendi kuu ya mabasi iko Shule ya Tanga, nje ya msongamano wa mjini. Mchana ule tulitembea na mdogo wetu tukifurahi kama watoto. Tulihesabu hata nguzo za taa, mpaka akatucheka.

Tena tusiwe watu wa kusema kwamba usiku ni wa shetani. Sisi wa ziwani tungekuwa wa mwisho kusema hivyo. Usipa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hukaa nyumbani. Petro na wenzake walifanya kazi usiku kucha kabla ya kumsikia Bwana akiwaambia washushe nyavu (Luka 5). Muuguzi, mlinzi na dereva wa basi hula mkate wa usiku. Mwaka 2025 huko Kariakoo, Dar es Salaam, ilizinduliwa biashara ya saa 24, na mama anayeuza chai alfajiri kwa wapakuzi wa mizigo anafanya kazi halali kama ya mchana. Wala sisi hatukuwa malaika. Tulicheza mganda kwa mashati meupe na kaptula zilizopigwa pasi, na watu wakatoka vijiji vya mbali kuja kutazama, na komoni ilinyweka. Hata katika Matendo ya Mitume 20 mtume Paulo aliendeleza mahubiri mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia akaanguka kutoka dirishani. (Mapadre wetu wanaohubiri kwa saa nzima na waisome sura hiyo.)

Lakini ngoma yetu ilikuwa na mwisho. Wazee walikuwapo pale pale, na mwenye uwanja alikuwa mwenye kijiji. Alikuwa akisikia kelele ile ile tuliyokuwa tukiipiga.

Usiku ule, yapata saa sita, tulitoka nyumba ya wageni tukaenda kutazama nyumba ya baba yetu. Tuliisikia kabla ya kuiona. Spika mbili kubwa zilisimama nje, barazani, mahali ambapo fundi alikuwa akiweka cherehani yake. Ukuta wa yule mjane uko hatua kumi tu kutoka hapo. Vijana walikaa juu ya pikipiki zao, wengine wamelewa, wengine wakisubiri abiria walevi. Tulisimama upande wa pili wa barabara. Hatukuwa na la kusema, kwa maana bati lile tulilipia sisi.

Ndipo akatoka msichana na sinia ya chupa. Alipotuona alisimama, akaweka sinia chini, akapiga goti. “Shikamoo, mwalimu.” Ni mtoto wa pwani yetu hii. Hatutaji kijiji, kwa maana alituomba, nasi tulimwahidi. Tulimfundisha darasa la nne, alikuwa hodari wa hesabu. Alituambia kwamba hana mshahara wa mwezi, hupata kidogo kutokana na mauzo, na chupa ikivunjika au mlevi akitoroka bila kulipa, deni ni lake. Hulala katika stoo nyuma ya kreti. Mlango wa stoo hauna komeo. Alisema hilo la mwisho akitazama chini, nasi hatukumwuliza zaidi.

Ndugu, fungueni sasa Nehemia, sura ya tano. Ukuta unaendelea kujengwa, kila mmoja mbele ya nyumba yake, kazi njema ya kusifiwa. Ghafla panatokea kilio kikubwa cha watu na wake zao. Wameweka rehani mashamba yao, na watoto wao wanatiwa utumwani, tena baadhi ya binti zao wamekwisha kutwaliwa, na wazazi hawana uwezo wa kuwakomboa. Si Wababeli waliofanya hivyo. Ni ndugu zao wenyewe, watu wa ukuta ule ule. Nehemia anakasirika sana, anawakemea wakuu na mashehe. Lakini someni mstari wa kumi kwa makini. Katikati ya kukemea anakiri kwamba yeye naye, na ndugu zake, na watumishi wake, wamekuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka. Anajihesabu ndani. Kisha anasema waiache riba hiyo, wote pamoja naye.

Tulikuwa tumekusudia kwenda kumkemea mpangaji. Mstari ule ulitukalisha.

Asubuhi tulimwita tukazungumza naye. Si mtu mbaya. Ana mke na watoto wawili. Spika zile alizinunua kwa mkopo wa wale wanaoitwa kausha damu, na rejesho ni la kila wiki. Akifunga saa nne, asema, hapati rejesho. Na zaidi ya rejesho, anaidaiwa kodi yetu. Kwa hiyo kelele inayomnyima usingizi yule mama ilianzia pia katika mahesabu yetu. Tulipoandika kodi mara tatu, tulidhani tunamwandikia kijana yule peke yake.

Sheria ipo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 huweka saa za kufungua na kufunga, na halmashauri ndizo zinazotoa leseni. Kanuni za kelele ni za mwaka 2015. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilifungia makumi ya baa na kumbi katika mikoa mbalimbali kwa sababu ya kelele. Serikali ikifanya hivyo twaipongeza. Nehemia naye, sura ya 13, aliamuru malango yafungwe giza lilipoanza kuingia kabla ya sabato, na wachuuzi wakalala nje ya ukuta mara moja au mbili, wakiwamo, tafadhali mjue, watu wa Tiro waliokuwa wakileta samaki. Lakini sura ya tano hutangulia ya kumi na tatu. Kabla hajafunga lango la mwingine alikuwa amekwisha kuachilia madeni ya nyumbani kwake.

Basi tumeandika hati. Kodi itapungua kwa theluthi. Muziki utakaa ndani, na saa nne usiku utazimwa. Msichana atalipwa kwa mwezi, na chupa zilizovunjika zitakuwa za mwenye biashara. Atapewa chumba cha uani chenye mlango na komeo. Komeo tulilinunua sisi wenyewe sokoni siku ile ile, na fundi akalifunga mbele ya macho yetu. Yeye alisema akipata mtaji wa kuanza genge ataacha kazi ile. Tumemwambia mjumbe wa kanisa katika mtaa ule amtembelee bila kumwuliza maswali mengi. Tangu Pasaka hakuwa ameonekana Misani, akidhani hawezi kupokelewa.

Mpangaji ameweka sahihi. Wawili wetu tumeweka sahihi. Mdogo wetu wa Mbinga bado. Ada ya chuo ya mjukuu ni ya bintiye, na theluthi ile ndiyo iliyokuwa ikiitosheleza. Hatumlaumu. Tumemwambia tutauza ng'ombe mmoja, naye amejibu kwamba ng'ombe ni mmoja na mihula ni minne.

Tunajua kwamba katika mtaa wetu huu zipo familia nyingine zenye vyumba vya mbele Songea, na Mbinga, na sasa viwanja Mbamba Bay, ambako bandari mpya inajengwa na bei ya ardhi inapanda. Kama mna safari ya mjini, msilale mapema. Tokeni saa sita mkatazame nyumba zenu.

Hati imo ndani ya Biblia yetu, katika Nehemia sura ya tano. Jumamosi tunakwenda Mbinga nayo, na kalamu.