Gia ya Kupandia Ndiyo ya Kushukia

Mahali pa chini kabisa nchini Lesotho, pale mto Makhaleng unapoingia mto Orange, pana kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Yaani Msotho akishuka hadi mwisho wa kushuka, bado yuko kimo kimoja na Arusha mjini. Hakuna nchi nyingine huru ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000. Mgeni huitazama kwenye ramani, akaiona ndogo, akapanga kuizunguka kwa gari mwishoni mwa juma. Huko usihesabu kilomita, hesabu saa.

Barabara ya Butha-Buthe kwenda Mokhotlong ni ya lami. Inapanda Moteng, mita 2,820, halafu inaendelea kupanda hadi Tlaeeng, zaidi ya mita 3,200. Katika kimo hicho hewa imepungua kwa karibu theluthi moja, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Gari lililojaa watu na mizigo, ambalo bondeni lilikuwa likiruka, sasa linaomba gia ya kwanza. Dereva naye kichwa kinamgonga na usingizi wa usiku unakatika. Dawa ni kunywa maji, kupanda taratibu na kulala chini kidogo kuliko ulikofika mchana. Mafuta jaza Butha-Buthe, maana huko juu vituo viko mbali na mbali.

Lakini kupanda si kazi kubwa. Mlima ukikushinda wakati wa kupanda, gari linasimama tu. Hatari iko kwenye kushuka, saa ambayo abiria wameanza kucheka na dereva anaona safari imekwisha. Anakanyaga breki kila kona, zinapata moto, harufu ya kuungua inaingia ndani, na mwisho mguu unazama bila gari kushikwa. Madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga nchini Tanzania wanaijua kanuni: gia iliyokupandisha ndiyo ikushushe. Wengi wetu tunaoendesha magari ya otomatiki hatujawahi hata kugusa ile L iliyoandikwa kando ya D. Ningependa kila anayekodi gari la kwenda milimani aoneshwe namna ya kuitumia kabla ya kukabidhiwa funguo.

Kati ya Juni na Agosti theluji huanguka. Jua likitoka lami hukauka, lakini kona iliyo kivulini hubaki na barafu mpaka mchana. Upande wa mashariki kuna Sani, njia ya changarawe inayopanda kutoka Afrika Kusini hadi mita 2,876, na walinzi wa mpaka huruhusu tu gari linalovuta kwa matairi yote manne. Milango hufungwa jioni. Anayechelewa hushawishika kukimbia, na Sani si mahali pa kukimbilia.

Haya yote nayasema kwa sababu barabara hizi zina wenyewe. Nyuma ya kona kuna kijana aliyejifunga blanketi, na kondoo wake wametanda lami nzima. Kuna mzee juu ya farasi, na mama anayetoka dukani na mfuko wa unga kichwani. Mwendo wa dereva unawahusu wao kabla ya kumhusu yeye mwenyewe.

Ndiyo maana linaniuma jambo moja ambalo wageni hulifanya kwa moyo mwema: kurusha pipi dirishani. Mtoto akishazizoea, kila akisikia injini anakimbilia barabarani, na gari linalofuata huenda halina breki. Anayetaka kutoa, atafute mahali papana, aegeshe, ashuke, awaamkie wakubwa kwanza, kisha anunue mahindi ya kuchoma au kofia ya majani iliyosukwa, na alipe bei waliyoitaja.