Njia Bila Majina

Hapa Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kupekuliwa si jambo geni. Lakini kijana mmoja wa usharika wetu alituletea upekuzi wa namna nyingine. Tovuti ya ndani ya ofisi yao imejaa kurasa. Fomu ya likizo iko mahali patatu. Aliagizwa aichoree ramani kwa kumbukumbu za vivinjari, yaani orodha ya kurasa ambazo kila mfanyakazi amefungua. Njia zilionekana vizuri. Ila aliona pia nani alifungua mara tano ukurasa wa mkopo wa dharura.

"Mchungaji, nimekosa kuona?"

Kuona peke yake si kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hutaka kusudi halali na lililo wazi. Upendo hudai zaidi. Katika Zaburi ya 139 Mungu anazijua njia zote za Daudi, na mwishoni Daudi mwenyewe anaomba achunguzwe. Mwenzetu hajatuomba. Basi tulimshauri awaambie wenzake kwanza, ayaondoe majina, na ramani ikikamilika azifute kumbukumbu.

Alipoondoka tulilitazama daftari letu la bahasha za ahadi. Nasi tunajua nani hajatoa tangu Pasaka. Je, tukimwona mlangoni Jumapili, tunamsalimu yeye, au tunaisalimu namba ya bahasha yake?