Sifa Haziandikwi Kwenye Mkataba

Agosti 2013 Simba ya Dar es Salaam ilikuja Tabora kufungua msimu wa Ligi Kuu dhidi ya Rhino Rangers, timu ya mkoa iliyokuwa imepanda daraja mwaka huohuo. Mchezo ulipigwa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ukaisha kwa sare ya 2-2. Kipa ambaye mashabiki walikuwa wamezoea kumwona langoni kwa Simba, tena akiwa nahodha, hakuja. Juma Kaseja alikuwa ameachwa. Mkataba wake ulikwisha na klabu haikumwongezea mwingine.

Vijana wa Isevya, hapa Tabora, wanaocheza mchangani jioni, na wazazi wanaowanunulia viatu vya mpira kwa fedha ya kubana, nawaomba wakisikilize kisa hiki hadi mwisho.

Kaseja ni mzaliwa wa Kigoma, kule inakoishia reli inayopita hapa kwetu. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alikaa langoni Simba ilipokutana na Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 Cairo, ikapita kwa mikwaju ya penalti 3-2 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Usiku ule ulimfanya Kaseja kuwa jina la kila kijiwe. Ukiacha muda mfupi aliokwenda Yanga na kurejea, sehemu kubwa ya miaka kumi iliyofuata aliitumikia Simba, na timu ya taifa nayo aliiongoza kama nahodha. Kama kungekuwa na mchezaji ambaye sifa zake zingetosha kumlinda, angekuwa yeye.

Hazikumlinda. Sifa hukaa midomoni mwa mashabiki, na mkataba hukaa ofisini ukiwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Tarehe ikifika, uongozi huangalia umri, mshahara, mapendekezo ya kocha na fedha iliyopo ya kusajili. Katika hesabu hiyo, penalti za Cairo hazina safu yake. Hilo si dhuluma. Klabu ina haki ya kutoongeza mkataba, kama vile mchezaji alivyo na haki ya kuanza mazungumzo na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi 6. Kinachowaumiza wachezaji wengi ni kuamini kwamba heshima waliyoijenga ni deni ambalo klabu italilipa siku moja.

Wala Kaseja hakuwa wa kwanza au wa mwisho. Agosti 2020 Yanga iliachana na Kelvin Yondani na Juma Abdul, mabeki wakongwe walioitumikia kwa miaka mingi, baada ya pande hizo kushindwa kuelewana kuhusu mikataba mipya. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Jonas Mkude, kiungo aliyelelewa Simba tangu ujana na kukaa hapo zaidi ya miaka kumi. Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, taarifa za kuagana hutoka mfululizo, nyingi zikiwa na picha ya mchezaji na mistari miwili ya shukrani. Shabiki husikitika siku mbili, siku ya tatu anauliza ni nani amesajiliwa badala yake.

Watu wa Isevya tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi, kwa sababu mji wetu ulikuzwa na misafara. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe, eneo hili letu la Tabora, ilitua mizigo, wapagazi wengi wakalipwa ujira wao na kuachwa, na wengine wakaajiriwa kwa safari ya kwenda Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alijulikana pwani na bara kwa nguvu na uvumilivu wake. Hata hivyo hakudhani kwamba sifa hiyo ingemlisha mzigo ukishatuliwa. Ujira ulipatanwa kabla ya mzigo kuinuliwa. Alisafiri kiangazi, na mvua zilipokaribia alirudi kwao kulima. Msafara ulikuwa kazi yake ya msimu. Shamba ndilo lililombeba mwaka mzima.

Mchezaji wa leo anabeba mzigo bila shamba. Anaanza kulipwa akiwa na miaka 19 au 20, na akibahatika miguu yake inadumu hadi 34 au 35. Fedha ya usajili inaingia kwa mkupuo, naye anaitumia kana kwamba itaingia kila mwaka. Anapanga nyumba kubwa, anasomesha wadogo zake, anachangia kila harusi na kila msiba, na hakuna anayemwambia aweke kitu kando. Mkataba wenyewe hana nakala yake, au anayo lakini hajawahi kuisoma. Siku anapotemwa, hajui kama anadai mshahara wa miezi miwili au mitatu, wala hajui aende kwa nani. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na klabu si ndugu. Ni mwajiri.

Mji wetu umeona pia jinsi karatasi zinavyoweza kuiangusha timu nzima. Agosti 2023 Kitayosce, klabu iliyokuwa inageuka kuwa Tabora United, ilikwenda Azam Complex kucheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani, kwa sababu vibali vya wengine havikuwa vimekamilika. Ilikuwa imeshafungwa 4-0 na Azam pale mechi ilipovunjwa mapema kabisa, baada ya wachezaji wake waliobaki kupungua chini ya saba. Klabu hiyohiyo, Novemba 2024, iliifunga Yanga 3-1 katika uwanja huohuo. Mwaka 2025 ikabadilishwa jina tena na kuwa TRA United. Ndani ya miaka miwili tumeishangilia timu moja kwa majina matatu. Ikiwa hata jina la klabu halidumu, mchezaji ana sababu gani ya kudhani nafasi yake ndani ya klabu itadumu?

Turudi kwa Kaseja, maana kisa chake hakikuishia kwenye kuachwa. Alikaa miezi kadhaa bila timu, na mwishoni mwa 2013 akasajiliwa na Yanga. Huko nako mambo hayakumwendea vizuri. Desemba mwaka huo alikaa langoni Yanga ilipofungwa 3-1 na Simba, na lawama zikamwangukia. Baadaye akaenda Mbeya City, kisha Kagera Sugar, kisha KMC, klabu ambazo hazina mamilioni ya mashabiki. Nahodha wa zamani wa Taifa Stars angeweza kuona aibu kusafiri kwa basi kwenda Mbeya na Bukoba. Yeye alikwenda akafanya kazi.

Mwaka 2019, Kaseja akiwa na miaka 34, kocha Etienne Ndayiragije aliyewahi kumfundisha KMC alimrudisha timu ya taifa. Agosti 4, Kasarani jijini Nairobi, Tanzania iliitoa Kenya kwa penalti 4-1 katika kufuzu CHAN, Kaseja akiwa langoni. Mwezi mmoja baadaye, Dar es Salaam, Burundi nayo ikatolewa kwa penalti 3-0 katika mchujo wa Kombe la Dunia, langoni akiwa huyohuyo aliyekuwa ameonekana amekwisha miaka sita kabla. Alipotundika glavu aliingia kwenye ukocha wa makipa. Ujuzi wake ulikuwa ndio shamba lake, na hakuuacha uote magugu alipokumbwa na msimu mbaya.

Viongozi wa klabu nao wana lao la kujifunza. Kumwacha mkongwe ni haki yenu, lakini namna ya kumwacha ni kipimo cha utu wenu. Agosti 2018 Yanga ilimwandalia mkongwe wake Nadir Haroub, maarufu kama Cannavaro, mechi ya kumuaga mjini Morogoro, kisha ikampa umeneja wa timu. Gharama yake haikuwa kubwa, lakini kila kijana aliyekuwa kwenye kikosi aliona kwamba utumishi wa muda mrefu una mwisho wenye heshima. Mchezaji anayejifunza kutoka gazetini kwamba hatakiwi tena anawafundisha wenzake kutoiamini klabu.

Kwa kijana anayeota kusajiliwa, ushauri wangu ni huu. Usisaini karatasi ambayo mtu unayemwamini hajaisoma pamoja nawe, na usiondoke ofisini bila nakala yako. Hakikisha mkataba umesajiliwa TFF, kwa sababu mgogoro ukitokea, hapo ndipo utakapoanzia. Uliza kama klabu inakuchangia NSSF. Mchango wa kisheria ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Tenga sehemu ya fedha ya usajili kabla ndugu hawajajua imeingia, kwani akiba haiozi. Na ungali unacheza, jifunze jambo la pili, iwe ukocha, uamuzi wa mechi, ufundi, kilimo au biashara.

Wazazi wa Isevya, msimtoe mtoto shule kwa sababu ana mguu mzuri wa kushoto. Mguu huo una miaka 15 ya kufanya kazi, naye ana miaka 60 ya kuishi.

Kaseja aliachwa akiwa nahodha wa Simba na wa Taifa Stars. Hakuna kijana yeyote anayesaini leo mwenye jina kubwa kuliko alilokuwa nalo siku ile. Basi kila anayeshika kalamu aisome kwanza tarehe ya mwisho wa mkataba, na kuanzia siku ya kusaini ajiandae nayo.