Hana Hakuwa Amelewa
Andiko: 1 Samweli 1:1–20

Siku ya Akina Mama mwaka jana nilisimama madhabahuni nikasema kila mama asimame apewe leso. Dada mmoja, miaka tisa kwenye ndoa, alibaki amekaa. Baadaye akaniambia, "Pasta, siku ile ulinianika." Nilimwomba msamaha, na nasimulia kwa ruhusa yake.

Eli alimwona Hana midomo ikicheza, akadhani ni pombe. Kuhani mzima! Sisi nasi tunadhani ni laana, au alitoa mimba ujanani. Mume hatumuulizi, na kupimwa hataki, ilhali shida yaweza kuwa kwake.

Dada huyu na mumewe waliuza ploti, wakavuka hadi Mokowe, wakapanda basi mpaka Mombasa, ili yai lake na mbegu ya mumewe vikutanishwe maabarani. Humu kanisani wakanong'onwa: "Wanatafuta mtoto wa chupa." Jamani, Louise Brown alizaliwa hivyo Uingereza mwaka 1978, na hapa Kenya wa kwanza walizaliwa 2006. Ni watu, pumzi yao ni ya Mungu. Kwangu hiyo ni tiba. (Yai la mtu wa nje ya ndoa ni jambo lingine, tutaliongea kwenye kikao cha wanandoa.)

Kilichoniuma ni kingine. Mimi nimesomea biashara, nikaomba kuona karatasi. Laki nne na zaidi, risiti moja! Hakuna mkataba, hakuna maelezo ya viinitete vilivyobaki, na hakuna aliyewaambia kwamba wengi hawafaulu jaribio la kwanza. Muuza samaki wetu mizani yake inakaguliwa! Mwanamke wa Marko 5 naye alimaliza mali kwa waganga, hali ikazidi.

Tangu 2014 Mheshimiwa Millie Odhiambo amekuwa akipeleka bungeni mswada wa kutaka kliniki hizi zipewe leseni na kusimamiwa. Mwaka 2021 Bunge la Kitaifa liliupitisha, lakini haukufika kuwa sheria. Wengine mnasema sheria itahalalisha dhambi. Mbona kliniki zinafanya kazi hata sasa? Anayekosa ulinzi ni Hana.

Jumatano baada ya maombi kutakuwa na barua kwa mbunge na seneta wetu, anayetaka atie sahihi. Na kabla hamjauza ploti, njooni tusome karatasi pamoja.

Leso za mwaka huu ni za wanawake wote.