Alama ya Kijani

Muhula uliopita nilisaidia kusahihisha kazi za mwaka wa kwanza. Zilikuwa nyingi, nikaiachia programu ya kukagua mtindo wa msimbo itoe alama. Haikuchoka wala haikupendelea. Nikajiona nimetenda haki.

Kisha akaja binti mmoja. "Kaka, programu yangu inafanya kazi. Mbona nimefeli?"

Alikuwa ameandika programu ya kugawa faida ya kikoba cha mama yake. Kosa lake lilikuwa mistari iliyozidi herufi 79, kikomo cha PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python wa tangu 2001. Tukaiendesha pamoja: kila mwanachama alipata haki yake mpaka shilingi ya mwisho. Baada ya kuondoka, nikafungua kazi iliyopata alama zote. Mistari ilinyooka kama gwaride, lakini hesabu iliishia kabla ya mtu wa mwisho kwenye orodha. Huyo hakupata hata senti.

Sisemi mpangilio ni urembo tu. Mwaka 2014 Apple ilirekebisha kasoro ya usalama kwenye iPhone na Mac: mstari mmoja ulirudiwa kimakosa, ukasogezwa kulia kana kwamba uko chini ya sharti la juu yake, kumbe uko nje. Hatua ya mwisho ya uhakiki ikawa inarukwa kila mara. Kupanga msimbo vizuri ni kumheshimu atakayeusoma baada yako.

Lakini Stephen Johnson wa Bell Labs, alipounda mmoja wa wakaguzi wa mwanzo, aliuita lint, yaani zile nyuzi ndogo zinazonasa kwenye nguo. Kuzikung'uta ni jambo jema. Hakukuambii aliyeivaa nguo ni mtu wa namna gani.

Mashine haikukosea, ilifanya nilichoiagiza. Mimi ndiye niliyeuita utii ubora, kwa kuwa utii unahesabika na kusoma kunachosha. Nilitaka hukumu isiyo na hakimu, ili mtu akilalamika nimwonyeshe skrini.

Nilisahihisha upya kazi zote, nikisoma moja baada ya nyingine. Zilinichukua wiki mbili, na baadhi ya alama bado sina uhakika nazo. Mkaguzi ninaendelea kumtumia. Ila mwanafunzi akiuliza kwa nini amefeli, jibu natoa mimi.