Dhima ya Mwenye Kurusha

Mtu asimamaye ufukoni Chienge, pale dagaa wa chisense waanikwapo juu ya mchanga, akielekeza macho ng'ambo ya Ziwa Mweru huiona nchi ya Katanga; na ndani ya nchi hiyo, mbali kusini karibu na Likasi, ndiko uliko mgodi wa Shinkolobwe, ambao urani yake, iliyochimbwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumika kuunda bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Habari hiyo imekwisha kusimuliwa sana. Ninayoyakusudia mimi ni masazo.

Kwani urani ichujwapo ili ipatikane ile sehemu ndogo yenye nguvu, husalia madini mengi yaliyofifia, mazito kupita risasi nyeusi kwa kadiri ya mara 1.7, ambayo wenye majeshi, kwa kuona ni israfu kuyatupa, waliyafanya vichwa vya makombora ya kutobolea vifaru. Kombora la namna hiyo likigonga chuma huwaka, likatoa vumbi laini ambalo mwenye kulivuta hulitia mapafuni, na likiingia katika damu huyaelemea mafigo. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991 zilirushwa tani zipatazo 300; na miongoni mwa askari wa Marekani walikuwamo waliopigwa na wenzao kwa makosa, wakabaki na vipande mwilini, hata miaka mingi baadaye waganga wa Baltimore wakawa wangali wanaiona urani katika mikojo yao.

Insafu yatutaka tuseme pia kwamba wanazuoni wa Royal Society ya Uingereza, katika taarifa zao za mwaka 2001 na 2002, waliona hatari ni ndogo kwa askari walio wengi, na kubwa kwa wachache, hasa waliokuwamo ndani ya kifaru kilichopigwa. Hapo ndipo msemaji wa jeshi huishika kanuni ya mafakihi kuwa asili ya mtu ni kutokuwa na hatia hata ithibitike. Nami namjibu kwamba kanuni hiyo ni stara ya binadamu, si stara ya sumu. Mafakihi hao hao walihukumu kuwa mwenye kuchimba kisima njiani pasipo ruhusa ana dhamana ya atakayetumbukia, wala hangojewi aliyetumbukia athibitishe kuwa giza lilikuwa nene.

Askari, tuseme, amekula kiapo na mshahara (ingawa sidhani kiapo hicho kilitaja mafigo yake). Raia je? Mwezi wa Disemba 2000, Pweto, mji wa Kongo ulioko ng'ambo ya ziwa hili, ulipotekwa vitani, watu kwa maelfu pamoja na askari walioshindwa waliingia Zambia kwa pande hizi za Mweru, na silaha ziliponyamaza kwao wengi walirudi makwao kulima na kuvua. Haki ya kurudi katika ardhi iliyo salama ndiyo amani yenyewe. Sayyidna Abubakar, akiyaaga majeshi yaendayo Sham, aliyakataza kuua wanawake, watoto na wazee, na pia kukata miti yenye matunda. Akajua kuwa vita vina kikomo na wenye nchi watataka kula baadaye. Urani hii hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.5.

Ubelgiji, waliofaidi Shinkolobwe, ndio waliotangulia duniani kuziharamisha silaha hizi, kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2010, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi 148 ziliafiki kwamba aliyezirusha amwoneshe mwenye ardhi, akitaka kujua, ni wapi alikozirusha. Jambo dogo mno hilo, la kumwonesha jirani mahali pa kisima. Na bado Marekani, Uingereza, Ufaransa na Israeli walilipinga.